Uraia pacha, Cessna ya ubia: nijaze pasipoti ipi kwenda Thunder Bay na kurudi?

Mbayuwayu

Hamjambo marubani wenzangu. Nina uraia pacha, Kenya kwa kuzaliwa na Marekani kwa kuapishwa. Naishi Minnesota, na tuna ndege ndogo, Cessna 172, tuliyonunua kwa ubia. Mama amekuja kunitembelea kutoka Nyeri. Ana visa ya Marekani ya kuingia mara nyingi, na ameshikilia nimpeleke akaone ng'ambo ya lile ziwa Superior. Nataka turuke kutoka Duluth hadi Thunder Bay, Kanada, tulale, kesho yake turudi.

Kinachonisumbua ni makaratasi. Pasipoti ya Kenya ina majina yangu matatu. Ya Marekani ina mawili, maana nilipoapishwa niliacha jina la babu. Kadi ya urubani ya FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) niliipata wakati nina green card, kwa hiyo ina majina yote matatu, na penye uraia pameandikwa KENYA. Kwenye eAPIS, ile fomu ya mtandaoni ya orodha ya waliomo ndegeni, nijaze ipi? Nibebe pasipoti zote mbili? Mbia mwenzangu mmoja anasema nikithubutu kuitaja Kenya nimejitafutia maneno na maofisa.

Kipanga

Ndugu, ya Marekani. Kila kisanduku, kwenda na kurudi. Sheria yao iko wazi: raia wa Marekani hutoka na kuingia kwa pasipoti ya Marekani, hata akiwa na uraia mwingine. Na iwe kitabu, si ile kadi ya pasipoti. Hiyo ni ya mpaka wa barabara na wa majini, kwa ndege haikufai. Ya Kenya ukiibeba au ukiiacha kabatini ni sawa tu. Ukiulizwa kama una uraia mwingine, sema ndiyo. Mbia wako anakutisha bure.

Mimi ningehangaikia kadi ya urubani kwanza. Ofisa akija penye ndege huomba pasipoti, kadi ya urubani, cheti cha afya na karatasi za ndege. Nimemwona mmoja akishika pasipoti mkono huu na kadi mkono ule, kidole gumba chini ya jina, anasoma herufi kwa herufi kama mwalimu anayesahihisha imla. Majina matatu huku, mawili kule, uraia mbalimbali: hakukatazi kuruka, lakini utaeleza, na utaeleza tena safari ijayo kwa ofisa mwingine. Nenda ofisi ya FAA ya eneo lako (FSDO) wewe mwenyewe, na pasipoti ya Marekani. Kwa jina, beba hati inayoonyesha lilivyobadilika. Kama lilibadilishwa siku ya kiapo, beba cheti cha uraia. Nenda mapema, maana kadi mpya huja kwa posta.

Sasa mama. Yeye ndiye abiria mwenye mambo, si wewe. Mkenya, hata akiwa na visa halali ya Marekani, lazima aombe visa ya Kanada; eTA, kile kibali cha mtandaoni cha wasiohitaji visa, haimhusu. Ukungu ukikaa juu ya ziwa mkaamua kwenda kwa gari kupitia Pigeon River, pale mpakani pia atatakiwa kuwa na visa hiyohiyo; bila hiyo utageuza gari. Mweleze mapema ili asikulaumu. Pia angalia tarehe yake ya mwisho ya kukaa Marekani. Kulala Thunder Bay usiku mmoja hakumpi miezi mipya, mpaka ofisa aamue hivyo.

Utaratibu wenyewe: orodha ya kutoka iingie eAPIS angalau saa moja kabla ya kuruka, na usubiri barua pepe ya CBP (maofisa wa forodha na mpaka wa Marekani) ya kukuruhusu. Ya kurudi ijaze hapohapo, ukiwa bado nyumbani na intaneti yako. Kisha pigia CBSA, maofisa wa mpaka wa Kanada, 1-888-CANPASS, kati ya saa 48 na saa 2 kabla ya kufika. Ukitua na hakuna ofisa aliyekuja, wapigie tena, mama akae ndani ya ndege. Watakupa namba ya ripoti. Iandike, usitegemee kichwa.

Wakati wa kurudi wengi hujikwaa hapa: eAPIS si ruhusa ya kutua. Lazima uwapigie CBP wa Duluth kwa simu, angalau saa moja kabla ya kufika, na uandike uliongea na nani. Faini ya kukosea taratibu hizi ni hadi dola 5,000 mara ya kwanza na 10,000 zinazofuata. Hiyo ni injini nusu.

Mwana_Tanga

Nami niongeze upande wa sisi tusio na uraia pacha, maana Tanzania bado mtu mzima huchagua mmoja. Niko na green card na pasipoti ya Tanzania. Kwenye eAPIS najaza zote mbili. Kanada hawaniombi visa wala eTA, wanataka green card na pasipoti ambayo haijaisha. Mkuu, kama kuna mbia wako Mwingereza au Mjerumani anayetembea Marekani kwa ESTA (kibali cha mtandaoni badala ya visa), usimpe lifti ya kurudi. ESTA haikubaliki kwa ndege binafsi kama yenu. Lazima awe na visa.

Njiwa_Manga

Kaka Kipanga amesahau saa. Thunder Bay iko saa moja mbele ya Duluth. Ukiondoka Thunder Bay saa nne asubuhi na safari ni ya saa moja na nusu, Duluth unatua saa nne na nusu ya kwao. Mpango wa safari unaandikwa kwa UTC (saa moja ya dunia nzima), eAPIS kwa saa za mahali. Ukiwahi sana unakaa ndani ya ndege ukimsubiri ofisa. Ukichelewa, yeye ndiye anayekusubiri, na hapo sura huwa nyingine. Usivuke mpaka kabla ya kuwa na namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada) uliyopewa na waongozaji.

Vilevile: stika ya mwaka ya CBP mlangoni, leseni ya redio ya ndege na kibali chako mwenyewe cha redio, hivi viwili vya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Hivyo vya FCC ndani ya Marekani havidaiwi, nje vinadaiwa. Na someni bima yenu kama inafika Kanada.

Mzee_wa_Wilson

Kijana, je, Kenya uliwaarifu? Sheria ya uraia ya 2011 inataka uutangaze uraia wa pili ndani ya miezi mitatu tangu uupate. Adhabu inafika shilingi milioni 5 au miaka mitatu jela. Watu wengi wa huko hawajui. Siku ukija Nairobi kukodi ndege hapa uwanja wa Wilson, KCAA (mamlaka ya anga ya Kenya) watataka kwanza waithibitishe leseni yako ya FAA, na ni heri majina yawe yameshalingana.

Mbayuwayu

Asanteni sana, na shikamoo Mzee. Fomu ya Kenya niliijaza ubalozini. FSDO wamenipa nafasi Alhamisi. Mama ameshaomba visa ya Kanada, sasa anauliza kama ndani ya 172 kuna choo.

Njiwa_Manga

Mwambie ukweli kabla hajanywa chai. Na umpime yeye na mkoba wake; wamama wa Nyeri hawaendi kutembea mikono mitupu, na Kanada watauliza kuna chakula gani ndani.