Mjadala: Albamu ya zamani ikichanganywa upya kwa spika tano, bado ni ileile?

FundiBarani (Malindi)
Jamani tulimalize hili hapa, barazani limeshindikana. Kuna mwenzetu ameshikilia kwamba mtu aliyekuwa na albamu tangu enzi za kaseti, akainunua tena kwenye CD, kisha akainunua mara ya tatu kwa sababu imetoka kwa 5.1, anatupa pesa. Tena anasema hiyo ya tatu si albamu ile, ni mchezo wa mafundi wa siku hizi.

Mimi nanunua na nitaendelea kununua. Kwa wasiojua, 5.1 ni spika tatu mbele, mbili ubavuni kwa nyuma kidogo, na wufa, ile spika ya besi. Toleo la maana halifanywi kwa kuchukua stirio, ile ya spika mbili, na kuitandaza. Wanarudi kwenye kanda za studio zenyewe, zile za njia 16 au 24, ambamo gitaa lina njia yake, ngoma zina zake, waitikiaji wana zao, halafu wanachanganya upya tangu mwanzo. Brothers in Arms ya Dire Straits ni ya 1985. Chuck Ainlay akaichanganya kwa 5.1, ikatoka 2005, na mwaka uliofuata ikapewa Grammy ya albamu bora ya sauti ya aina hiyo. Isikilizeni kwanza, ndipo mniambie ni mchezo. Kwangu ni albamu ileile, ila sasa unamsikia kila aliyekuwemo studio.

Basi semeni: ni ileile au ni nyingine? Watu wa Lamu mnaweza kupumzika kwenye hili. Vyumba vyenu ni vichochoro, hiyo spika ya nyuma mtaiweka wapi?

MkomaniHalisi (Lamu)
Hilo la albamu nitalijibu baadaye. Kwanza nijibiwe mimi: nyumba ya babu zangu ndiyo unayoiita kichochoro?

Chumba cha Lamu ni chembamba kwa sababu dari inabebwa na boriti za mkoko, na boriti haiwezi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi bila kulegea. Lakini tazama urefu wake, na tazama unene wa ule ukuta wa matumbawe. Mimi nikifungua muziki usiku jirani halalamiki. Huko kwenu Casuarina watu wanapanga spika chini ya paa la makuti, ukuta hakuna hata mmoja, besi yote wanasikilizishwa kunguru. Nani kati yetu hana pa kuweka spika?

BintiMajengo (Malindi)
Si kila mtu wa Malindi anakaa kwenye villa ya Mtaliano, ndugu yangu. Sisi wa Majengo tuna kuta, na tuna majirani pia.

Nirudi kwenye swali. Hii sarandi, sauti ya kukuzunguka, mnaizungumza kama jambo la jana. Pink Floyd walikuwa na Dark Side of the Moon ya spika nne miaka hiyohiyo ya 70, aliichanganya yule James Guthrie. Kama wenyewe walitaka spika nne tangu zamani, kelele za nini leo?

MzeeWaSanturi (Malindi)
Binti yangu, ya spika nne ni kazi ya Alan Parsons, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa studio albamu ilipokuwa ikirekodiwa, kabla haijatoka 1973. Guthrie ni wa ile ya 5.1, iliyotoka 2003 kwenye SACD, diski iliyo kama CD ila ya sauti bora zaidi. Halafu 2023, albamu ilipotimiza miaka 50, ikatoka nyingine tena ya Dolby Atmos, ambayo ina spika hata za juu darini. Sasa fundi aniambie, katika hizo tatu na ile ya stirio, ni ipi iliyo "ileile"? Haziwezi kuwa zote.

Na kuna jambo vijana hamlijui. Hizo sauti za spika nne tuliziona zikifa. CBS walikuwa na mfumo wao, SQ. Sansui wakaja na QS. JVC wakaja na CD-4. Santuri ya huyu haikufunguka sawasawa kwenye mashine ya yule, na mnunuzi akachoka. Kabla miaka ya 70 haijaisha, biashara ilikuwa imekufa. Halafu wakarudia kosa lilelile: SACD 1999, DVD-Audio mwaka uliofuata, mashine mbili zinazogombana. Anayekusanya diski hizi leo anakusanya pia mashine za kuzipigia, na mashine ikifa kwa chumvi ya bahari hapa Malindi, diski yako inabaki sinia.

BintiMajengo
Parsons au Guthrie, wote Waingereza, hoja yangu haijasogea. Spika nne zilikuwepo tangu zamani.

Nahodha_Shela (Lamu)
Ami Mkomani, mbona unahangaika na fundi? Spika za nyuma mahali pake panajulikana. Mimi nimeziweka ndani ya zidaka, vile vishimo vya ukutani. Ndogo mbili, moja kulia moja kushoto, na mbele nimeweka kubwa juu ya meza. Wageni wakiingia hawazioni, wanasikia tu.

MkomaniHalisi
Ndani ya zidaka?

Wallahi nimesoma mara mbili nikidhani sikuona vizuri. Zidaka zile za plasta zilichongwa kwa mkono, ziliwekewa vyombo vya China na misahafu, zimekaa zaidi ya karne mbili zikisubiri wewe uje uzitikise kwa gitaa la umeme? Plasta ile ni ya chokaa. Ikianza kumong'onyoka hakuna duka linalouza mpya. Mji huu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia 2001, na uliingizwa kwa sababu ya vitu kama hivyo.

Nahodha_Shela
Sikutoboa ukuta, ami. Sikupigilia hata msumari. Spika zimekaa juu ya kitambaa. Nyumba ni yangu nimerithi kwa mama, na mimi ndiye niliyeikarabati wakati wengine walikuwa wanauza zao kwa wageni wa Ulaya. Heshima yako naijua, lakini nyumba yangu usinihukumie ukiwa huko mtaani kwako Mkomani.

MkomaniHalisi
Hiyo ya kuuza umenirushia mimi?

Nahodha_Shela
Nimesema wengine.

FundiBarani
Punguzeni moto, maana hata kiufundi kuna shida. Spika ukiisukuma ndani ya kishimo cha ukuta inatoa mvumo, sauti za kiume zinakuwa kama za mtu aliye ndani ya sanduku. Itoe mbele hadi uso wake ulingane na ukuta, au iweke kwenye kigoda nje kabisa.

Na kwa ile kanuni ya 5.1, spika za nyuma hazikai nyuma hasa. Ukikaa ukitazama mbele, zinakuwa kwenye nyuzi kama 110 kila upande, yaani kidogo tu nyuma ya masikio. Katika chumba cha mita tatu upana, ziko sikioni kwako, utazisikia kuliko za mbele. Ndiyo maana nikasema kichochoro. Dawa yake ni kukaa ukiangalia ule ukuta mfupi, kisha ukapunguza sauti za nyuma kwenye risiva, ile mashine inayozigawia spika sauti. Chumba chenyewe si kibaya. Ukuta mzito unashika besi vizuri kuliko bati, na zidaka zenyewe, zikiachwa na vyombo vyake, zinavunja mwangwi.

MkomaniHalisi
Haya, hilo la mwangwi umesema kweli. Sasa nijibu swali lako. Albamu ni kile walichokaa wakakisikiliza wenye muziki wakasema "hapa pametosha". Waliamua ngoma iwe mbali, sauti iwe karibu. Ukija miaka 20 baadaye ukaileta ngoma karibu kwa sababu unaweza, umevunja uamuzi wao. Wale Beatles walikuwa wakichanganya mono, ya spika moja, kwa uangalifu wote na stirio waliachiwa mafundi. Kwa hivyo hata stirio tunayoijua ya albamu yao Sgt. Pepper si waliyoihangaikia wao.

KasetiZaMama (Lamu)
Asalaam aleikum. Nimekuwa nikisoma tu, lakini hilo la Beatles limenigusa.

Ile albamu yao Revolver iliyotoka upya 2022 hawakuwa na njia 24. Mwaka 1966 njia zilikuwa nne, na vyombo kadhaa vimebanana kwenye njia moja. Mtayarishaji Giles Martin alitumia mashine iliyofunzwa kutenganisha sauti, ile iliyotengenezwa na timu ya mwongoza filamu Peter Jackson, ikatoa ngoma peke yake, gitaa peke yake, ndipo akachanganya. Mwaka uliofuata wakatoa Now and Then, sauti ya John Lennon ikitolewa kwenye kaseti ya nyumbani aliyokuwa akipiga piano. Kaseti ya nyumbani!

Sasa nauliza, na siulizi kwa mzaha. Kwetu kuna sanduku la kaseti za taarabu za harusi. Zein l'Abdin ni mzaliwa wa hapa Lamu, udi wake unajulikana dunia nzima, na nusu ya kanda tulizonazo zimeota ukungu. Sisi tunabishana Elton John akae spika ya ngapi. Kwa nini kazi hiyo isifanyiwe nyimbo zetu?

MzeeWaSanturi
Waaleikum salaam. Kwa sababu hakuna cha kurudia. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928, sauti yake na udi na fidla na tari zote zikaingia njia moja. Kanda za harusi ni hivyohivyo, kinasa kimoja kimewekwa mbele ya mwimbaji. Mashine ikikutolea udi peke yake, sehemu ya hiyo sauti imebahatisha yenyewe. Siutaki udi wa kubahatishwa. Na ukishautoa utauweka wapi? Nyuma yangu? Mwimbaji wa taarabu anaimba mbele yako, unamtazama, unamtunza.

BintiMajengo
Mzee, na heshima zangu zote, wewe umekaa taarabu upande wa wanaume.

Upande wetu mwimbaji yuko mbele, lakini vigelegele vinatoka nyuma. Anayeitikia kiitikio yuko kulia kwangu, mke mwenza wake anayechomwa na ule wimbo yuko kushoto amenuna, na kule mlangoni kuna watu wanagonga vidumu. Kaseti imebana hayo yote kwenye tundu moja. Kwa Dire Straits sijui, lakini kwa taarabu spika za nyuma ndizo zenye ukweli. Stirio ndiyo iliyodanganya.

Nahodha_Shela
Kweli kabisa. Hata maulidi pale msikiti wa Riyadha, matari yanakuzunguka pande zote, hayako mbele kama televisheni.

MkomaniHalisi
Riyadha usiiingize kwenye maneno ya Pink Floyd. Kila kitu kina mahali pake.

Nahodha_Shela
Nimesema habari ya sikio tu, ami. Lakini sawa, nimeiacha.

FundiBarani
Naona swali langu limezama, ila hili jipya lina uzito kuliko la kwanza.

KasetiZaMama, nikueleze ninavyofahamu. Zile kanda kubwa za studio za miaka ya 70 na 80, nyingi gundi yake inanyonya unyevu, inanata kwenye kichwa cha mashine, mpaka zipashwe kwa moto mdogo ndipo zipigwe mara moja na kunakiliwa. Kaseti usiijaribie hayo, utaiyeyusha ganda. Adui wa kaseti hapa kwetu ni ukungu na zile redio mbovu zinazotafuna kanda. Kinachotakiwa ni deki nzuri, kichwa kimesafishwa kwa spiriti, na kila kaseti ulinganishe mwelekeo wa kichwa na sauti yake, maana kila kinasa kilirekodi kwa mshazari wake. Hiyo ndiyo kazi. Kutenganisha kwa mashine kunaweza kungoja, nakala safi haiwezi. Moto ulioteketeza ghala la Universal kule Hollywood 2008 ulikwenda na kanda asilia ambazo hazitachanganywa tena kwa spika tano wala mbili. Hao walikuwa na pesa na ghala. Sisi tuna sanduku chini ya kitanda.

Na wanaoniambia Apple Music ina Atmos tangu 2021 kwa hivyo diski za nini: ile ya kwenye mtandao imebanwa na kupunguzwa, ya Blu-ray haijapunguzwa. Na wimbo wa mtandaoni unaweza kuondolewa bila wewe kuulizwa. Ndiyo maana nanunua.

KasetiZaMama
Deki unayo inayofanya kazi?

FundiBarani
Ninayo. Mikanda nimebadilisha, na mota iko sawa. Zije kwa mkono, zisitumwe kwenye buti la basi. Na zisirudishwe nyuma kwa kasi kabla sijaziona.

MkomaniHalisi
Hebu ngojeni. Wameulizwa walioimba? Kanda nyingi za zamani ni za harusi za ndani, wanawake watupu, wameimba wakijua mlango umefungwa. Kuna mafumbo mle ya watu walio hai na majina ya koo zao. Kunakili ili zisioze ni jambo moja, mimi naunga mkono. Kuzitenganisha, kuzisafisha, na kuzitoa kwa watu wasiojulikana ni jambo jingine kabisa, hata ziwe kwa spika kumi.

BintiMajengo
Lakini zikifichwa milele zitakuwa zimekufa vilevile.

KasetiZaMama
Mama yupo hai, na wawili katika walioimba naye wapo. Nitawauliza wao, si watu wa hapa. Wakisema nakala ya nyumbani tu, itakuwa ya nyumbani tu. Fundi, nieleze deki yako inapokea kaseti za dakika 120, zile nyembamba?

FundiBarani
Inapokea, lakini hizo zitangulie. Kanda zake ni nyembamba sana, zinanyooka na kukatika upesi. Nitazipiga mwenyewe nikiwa nimekaa hapo, sitazimwachia kijana.