Ripoti ya wadaiwa inachukua dakika nne

Muulizaji:
Habari zenu wakuu. Ninatunza mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo unaotumia hifadhidata ya PostgreSQL. Ripoti ya wadaiwa inasoma mwonekano, yaani VIEW (ulizo lililohifadhiwa kwa jina na kusomwa kama jedwali), ambao nao unasoma mwingine, na huo mwingine unasoma wa tatu, hata majedwali yanayounganishwa huko ndani yanafika 14. Zamani ilitoka kwa sekunde chache. Kila mkopo una marejesho 24 na wadhamini 3. Je, tukinunua seva yenye kumbukumbu kubwa zaidi itasaidia?

Jibu la kwanza:
Ndugu, usinunue kitu bado. Endesha EXPLAIN ANALYZE, amri inayoendesha ulizo na kuonyesha hatua zake, kisha linganisha safumlalo zilizokadiriwa na zilizopatikana kweli katika kila hatua. Palipokadiriwa 1 pakapatikana maelfu, anzia hapo, kwa kuwa kosa la makadirio huzidi kukua kila jedwali linapounganishwa juu yake, na hifadhidata huishia kulipitia jedwali zima upya kwa kila safumlalo. Hakikisha pia safuwima za funguo ngeni (zinazoelekeza kwenye jedwali jingine) zina faharasa ya kutafutia haraka, maana PostgreSQL haiziwekei yenyewe. Halafu kuna kigezo cha PostgreSQL kiitwacho from_collapse_limit, ambacho huwa 8 usipokibadili: orodha ya majedwali ikizidi hapo, mwonekano wa ndani hauchanganywi na ulizo kuu, na nafasi ya kubadili mpangilio wa kuunganisha hupungua.

Jibu la pili:
Kinachonitia shaka mimi ni wadhamini. Marejesho 24 yakiunganishwa na wadhamini 3 kwa namba ileile ya mkopo, mkopo mmoja unazaa safumlalo 72. Je, kuna mahali palipowekwa DISTINCT, neno la kuondoa yanayojirudia?

Muulizaji:
Ipo: SUM(DISTINCT kiasi). Aliyenitangulia aliiweka kwa sababu jumla zilikuwa zikitoka mara tatu.

Jibu la pili:
Basi kasi ndiyo shida yako ndogo. Mwanachama aliyelipa 50,000 kila mwezi kwa miezi 24 anaonekana amelipa 50,000 tu, kwani viwango vinavyofanana huhesabiwa mara moja. Jumlisha marejesho kwanza katika ulizo dogo, ukiyakusanya kwa namba ya mkopo (GROUP BY), ndipo uunganishe. Wadhamini wachukuliwe kwa ulizo lao, iwapo ripoti inawahitaji.

Muulizaji:
Nimefanya hivyo, na faharasa niliyokuta haipo kwenye jedwali la marejesho nimeiweka; ripoti inatoka kwa sekunde sita. Sasa ninaandaa orodha ya wanachama tuliowapelekea barua za madai ilhali walikwisha kulipa, nimpelekee meneja kesho asubuhi.