Dentini inaota ganda juu, ndani bado laini. Nimekosea wapi?

MtafitiMeno
Habari wadau. Nina vipande vya dentini, yaani tabaka la jino lililo chini ya enameli ngumu ya nje, vilivyoondolewa madini kwa bafa (mmumunyo unaotuliza pH) ya asetati, pH 5.0, saa 66. Kidonda, yaani sehemu iliyopoteza madini, kina kina cha mikromita 140 hivi. Nimeviloweka wiki mbili kwenye mmumunyo wa kalsiamu na fosfeti, pH 7.4, nyuzi joto 37. Juu pameota ganda jeupe la fuwele, lakini ndani ugumu haujarudi. Niongeze kalsiamu?

Kolajeni67
Usiongeze, utanenepesha ganda tu. Mmumunyo wa kawaida hukuza fuwele zilizokwishakuwepo. Pale ambapo kolajeni (nyuzi za protini za dentini) imebaki tupu hakuna mbegu ya fuwele, kwa hiyo madini hujikusanya nje.

Mwilini kazi hii husimamiwa na protini zenye chaji hasi nyingi, kama DMP1 na fosfoforini. Huzuia kalsiamu na fosfeti zisigande mapema, zikabaki chembe ndogo mno zisizo na mpangilio wa fuwele. Hizo ndizo zinazopenya ndani ya uzi wa kolajeni, kwenye mapengo ya nanomita 40 hivi, na kugeuka apatiti, fuwele za madini ya jino, humo humo. Ukikosa kitu cha kuiga protini hizo, ndani hapajai.

Tumia polima inayoiga protini hizo: asidi ya poliaspatiki ya uzito wa daltoni 27,000 hivi. Tengeneza mimumunyo miwili kwenye bafa ya Tris, pH 7.4: mmoja wa kloridi ya kalsiamu milimola 9 kwa lita, mwingine wa K2HPO4 (fosfeti ya potasiamu) milimola 4.2 kwa lita. Polima itangulie kwenye ule wa kalsiamu, mikrogramu 200 kwa mililita, ikorogeke vizuri. Kisha ongeza wa fosfeti kwa ujazo sawa, taratibu. Mwisho utabaki na milimola 4.5 za kalsiamu, 2.1 za fosfeti na mikrogramu 100 za polima kwa mililita. Loweka kwa nyuzi joto 37, siku 14.

Apatiti
Naunga mkono, na mpangilio wa kuchanganya usiuchezee. Fosfeti ikikutana na kalsiamu kabla ya polima, mmumunyo unageuka mweupe kama maziwa. Ukifika hapo umwage: madini yameshaganda nje ya jino. Polima ikiwa chache mno, matokeo ni hayo hayo; ikizidi mno, chembe zinatulia kwenye maji na hazigeuki fuwele.

Kipande kisikauke hata kidogo. Kolajeni isiyo na madini ikikauka hulala, nafasi kati ya nyuzi zinazibana na hakuna kinachopita. Pima pH mara kwa mara pia, kwa sababu apatiti inapojijenga huachia ioni za haidrojeni na pH hushuka.

Picha ya hadubini ya uso pekee isikuridhishe. Kata kipande katikati, upime ugumu kwa nanoindenta (kifaa kinachobonyeza kwa ncha ndogo mno) kikiwa na maji, kutoka ukingoni hadi dentini isiyoguswa na asidi. Kikavu kitakudanganya, maana hata kolajeni tupu hukakamaa ikikauka.

MtafitiMeno
Nimeelewa, polima sikuweka kabisa. Je, hii inaweza kutumika kwa jino lililooza kweli?

Kolajeni67
Kwa sehemu. Asidi ya maabara huondoa madini na kuacha kolajeni karibu salama. Kuoza halisi huleta pia vimeng'enya vinavyoila kolajeni yenyewe. Tabaka la nje lililolegea halina kiunzi cha kujazwa, linaondolewa. Lililo chini yake, lenye kolajeni nzima, ndilo linaloweza kurudishiwa madini, mradi kijazio cha tundu la jino kizibe vizuri bakteria wasipate chakula. Kikwazo kikubwa ni muda: mgonjwa hakai siku 14 ndani ya chupa, kwa hiyo polima na chanzo cha kalsiamu na fosfeti lazima vitoke polepole kwenye kijazio chenyewe. Na kama mmumunyo wako una azidi ya sodiamu ya kuzuia bakteria, hiyo ni sumu, iishie maabara.

Apatiti
Enameli ni habari nyingine. Iliyokomaa haina kolajeni, kwa hiyo usihamishie mbinu hii huko. Kwa kidonda cheupe cha mwanzo kisicho na tundu, floridi bado ndiyo ya kuanzia. Pia kuna peptidi (kipande kifupi kama cha protini) P11-4, yenye amino asidi 11, inayojipanga yenyewe ndani ya kidonda kuwa kiunzi cha kupokea kalsiamu kutoka kwenye mate.