Mrejesho: fonti zilizojirudia na ŋ iliyogeuka kisanduku

Ndugu zangu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa aliyekosa mwanzo: niliuliza kwa nini kadi za kwanjula (sherehe ya Kiganda ya bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe) ninazochapisha hapa Nasser Road, Kampala, zinatoa kisanduku kitupu kila penye ŋ ya Kiganda, wakati kompyuta ya nyumbani inaitoa vizuri, na fonti ni ileile.

Kumbe haikuwa ileile. Aliyeniambia nitafute matoleo mawili yenye jina moja alilenga penyewe, Mungu ambariki. Ya zamani, isiyo na ŋ kabisa, ilikuwa C:\Windows\Fonts. Mpya ilikuwa imejificha kwenye folda ya mtumiaji, AppData\Local\Microsoft\Windows\Fonts, kwa sababu niliiweka bila kuchagua watumiaji wote. Programu ya kuchapia ikawa inashika ile ya zamani.

Nilizinakili zote mbili kwenye flashi kwanza, nikaziondoa, nikaweka mpya kwa watumiaji wote, nikazima na kuwasha. Neno ŋŋenda sasa linatoka na mikia yake yote miwili. Nilifurahi mno!

Kufuta kashe ya fonti (kumbukumbu ya muda ya fonti kwenye kompyuta) peke yake hakukunisaidia, nilijaribu mara mbili. Tena herufi za toleo jipya ni pana kidogo, hivyo kadi za zamani mistari imeruka na majina marefu ya wakwe yanatoka nje ya fremu. Hizo bado nazirekebisha moja moja kwa mkono.

Asanteni sana, hasa dada wa Jinja aliyenifuatilia hadi usiku.