Tisheti ya ukumbusho wa Glenrio: kuagiza Marekani, skrini ama DTF?

Mtoto_wa_Umoja
Wasee habari, naomba ushauri. Mimi na binamu zangu tulienda kumwona mjomba Amarillo kule Texas, akatupeleka na ile barabara ya zamani ya Route 66 mpaka Glenrio, pale mpakani na New Mexico. Mji umekufa kabisa bana. Zamani wasafiri walikuwa wanasimama hapo kulala na kula, halafu barabara kuu mpya ya I-40 ikajengwa ikapita kando miaka ya 1970 na wateja wakaisha hivyo tu. Sasa Disemba tunakutana ushago watu 14 na nataka tushone, sorry, tuchape tisheti ya ukumbusho. Niagize zile ziko tayari mtandaoni, ama nichapishe River Road hapa Nairobi kwa skrini (wino unapitishwa kwa fremu ya wavu), ama DTF (direct-to-film)? Gani itadumu bila kunimaliza mfuko?

Fundi_Wino
Kuagiza sahau. Ukishalipa usafiri na ushuru utajuta, na saizi zao ni zingine, XL yao shangazi ataivaa kama dera. DTF inachapwa kwa filamu kwanza halafu inabandikwa na mashine ya joto, haijali rangi ngapi na hata kipande kimoja unafanyiwa. Skrini kila rangi inataka fremu yake na fremu ndio gharama, kwa hivyo kipande kimoja ni hasara lakini 14 inaanza kuleta maana. Picha yako ina rangi ngapi?

Mtoto_wa_Umoja
Binamu anataka machweo, gari la zamani, cactus na ile ngao ya 66. Kama saba hivi.

Dereva_Mombasa_Road
Hapo mmepotea mkuu, cactus na machweo ni ya mji wowote kule, ukifuta jina hakuna mtu atajua ni wapi. Utamu wa Glenrio ni mpaka. Upande wa Texas, kaunti ya Deaf Smith, pombe ilikuwa marufuku so baa zikakaa upande wa New Mexico, na New Mexico ushuru wa petroli ulikuwa juu so vituo vya mafuta vikakaa upande wa Texas. Yaani gari linashiba huku, dereva anavuka kushiba kule 😂 Halafu kuna kile kibao cha moteli, ukitokea New Mexico kilikuwa kinakwambia hii ni moteli ya kwanza Texas, ukitokea ule upande mwingine kinakwambia ni ya mwisho. Tisheti ndio hiyo, kifuani YA KWANZA, mgongoni YA MWISHO. Mimi hizi story zinanigusa juu nimeona vile hoteli za Mtito Andei zililia malori yalipopungua baada ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa-Nairobi.

Fundi_Wino
Wazo kali. Rangi moja, fremu mbili, hapo skrini imeshinda hata usiulize tena.

Wanja_wa_Kasa
Pole pole, fundi, watoto je? Fremu ya mtu mzima kwa tisheti ya mtoto wa miaka minne itafika kwapani. Hizo ndogo afanye DTF. Na mtu asikudanganye na vinyl, zile herufi za plastiki za kubandika, tulifanyiwa na duka moja tao za graduation ya dada yangu, kufua mara ya tatu herufi zikaanza kubanduka, jina likabaki nusu. Sablimesheni nayo, ile wino unageuka mvuke kwa joto unaingia kitambaani, inataka polyester na iwe nyeupe ama rangi hafifu, jua la Disemba utapikika ndani. Chukua pamba, uzito gsm 180 hivi (gramu kwa mita mraba), na uzifue zikiwa zimegeuzwa ndani nje.

Fundi_Wino
Kweli za watoto DTF. Lakini kwa skrini hakikisha wino umepigwa joto vizuri, usikubali za kuanikwa tu. Omba moja ya kwanza uifue nyumbani kabla hajachapa zingine.

Dereva_Mombasa_Road
Na pale chini kwa maandishi madogo wekeni jina. Glen ni bonde kwa Kiingereza, rio ni mto kwa Kihispania, na hapo hakuna bonde hakuna mto.

Mtoto_wa_Umoja
😂😂 hiyo inaingia. Nimeongea na fundi, kubwa kumi skrini, za watoto nne DTF, pamba rangi ya krimu, wino wa kahawia. Shida imebaki shosho, amesikia ni mji uliokufa na sasa anauliza kwa nini tunataka kumvalisha mizimu Krismasi.