Kumpandisha mama meli ya usiku Stockholm hadi Helsinki: naomba ushauri

Mwana_wa_Wete
Wakuu, assalaam aleikum na habari za jioni. Naishi Stockholm, na mama yangu amekuja kutoka Pemba kututembelea kiangazi hiki. Natamani nimpandishe mojawapo ya zile meli kubwa zinazong'oa nanga hapa jioni na kufika Helsinki asubuhi. Kila tukipita mtaa wa Slussen husimama kuzitazama zilivyofunga pale bandari ya Stadsgården, akauliza zinachukua watu wangapi, wanalala wapi, nani anawapikia. Nikimwambia basi tupande, anageuza mazungumzo.

Sababu naijua. Tangu meli ya Spice Islander izame mkondo wa Nungwi ikija Pemba, Septemba 2011, mama hajalala tena chomboni. Mtaani kwetu kulikuwa na matanga nyumba hadi nyumba. Unguja anakwenda kwa boti za mchana tu.

Je, nimshawishi au nimwache? Akikubali, tuchukue chumba gani? Chakula je, maana hatuli nguruwe? Na viza yake ya Schengen (zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) ni ya kuingia mara moja, naogopa akitoka hataruhusiwa kurudi.

Kijana_wa_Chumbageni
Viza isikupe presha. Sweden na Finland zote ziko ndani ya Schengen, na hivi vivuko vya kila siku vinahesabika ni safari za ndani, kwa hiyo hatakuwa ametoka. Abebe pasi yenyewe mkononi, si nakala. Wewe chukua kadi yako ya ukaazi.

Dada_Uppsala
Kwenye chumba kuwa makini sana, hasa kwa mtu mwenye hofu. Katika meli nyingi za njia hii, vyumba vya bei ya chini kabisa viko chini ya sitaha ya magari na havina dirisha. Mama asilale huko. Meli za Silja Serenade na Silja Symphony nazo zina vyumba vyenye dirisha linalotazama ndani, kwenye ile barabara ndefu ya maduka iliyopita katikati ya meli. Mtu analipia dirisha akidhani ataamka aone bahari, akifungua pazia anaona watu wanakunywa kahawa. Hakikisha imeandikwa upande wa bahari. Omba pia kiwe katikati ya meli, kwani mbele na nyuma ndiko mawimbi yanakosikika zaidi.

Baharia_Mstaafu
Mdogo wangu, kwanza poleni kwa msiba ule.

Usimwambie mama kwamba meli za huku hazizami. Bahari hiihii ya Baltiki ilimeza meli iitwayo Estonia usiku wa tarehe 28 Septemba 1994 ikitoka Tallinn kuja Stockholm, wakafa watu 852. Mlango wa mbele uling'oka katika dhoruba, maji yakaingia sitaha ya magari. Akija kulisikia hilo kwa mtu mwingine baada ya wewe kumhakikishia, hatakuamini tena. Mwambie mwenyewe, kisha umweleze kilichobadilika: baada ya hapo nchi za kaskazini mwa Ulaya zilikubaliana masharti makali zaidi ya uthabiti wa meli za abiria na magari, hata maji yakiingia kwenye sitaha hiyo. Na majina ya abiria wote huandikwa kabla ya kuondoka.

Mkishapanda, kabla ya kula wala kuzunguka madukani, tembeeni kwa miguu kutoka mlango wa chumba hadi mahali pa kukusanyikia dharura ikitokea. Pamechorwa kwenye ramani nyuma ya mlango. Mwonyeshe jaketi za kujiokolea zinakowekwa. Mtu aliyeijua njia ya kutokea hulala.

Mama_Zuhura
Mimi nasema asianze na Helsinki. Kwenda na kurudi ni usiku mbili, na baada ya visiwa vya Åland mnatoka bahari ya wazi. Kuna meli ya Birka Gotland, imeanza safari za Mariehamn, mji wa bandari wa Åland, tangu Machi 2024. Ni usiku mmoja tu, mnarudi Stockholm kesho yake. Tena ile ilijengwa kwa matembezi, haina sitaha ya magari kabisa. Akiipenda, Helsinki haihami.

Chakula: kwenye bafe kuna samaki wa kutosha, samoni, dagaa wakubwa wa siki, kamba, viazi, saladi. Vile vijinyama vya mviringo uliza kwanza, mara nyingi huchanganywa na nguruwe. Mvinyo na bia viko wazi palepale kwenye bafe. Kama vitamkera, nunueni mlo kwenye mgahawa mdogo mkalie dirishani.

Mwana_wa_Wete
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Leo baada ya kula nimekaa naye nikamweleza yote, hata ya Estonia. Alisikiliza kimya mpaka mwisho. Swali lake likawa moja: "Wanaandika jina la kila mtu, hata la mtoto?" Nikamwambia ndiyo. Akasema basi tukate ya usiku mmoja, ila atakaa nje mpaka giza liingie.

Baharia_Mstaafu
Giza la kiangazi litachelewa, kwa hiyo ataviona visiwa vya kutosha. Meli hupita katikati yake kwa saa kadhaa, karibu kiasi cha kuona watu wamekaa vibarazani. Mchukulie sweta na kilemba kizito, upepo wa juu ni baridi hata Julai. Tazama utabiri wa upepo siku mbili kabla, na ukiwa mkali sogeza tarehe.

Kijana_wa_Chumbageni
Simu zenu wekeni hali ya ndege mkishatoka bandarini. Zikishika mtandao wa setilaiti wa meli, bei ya Umoja wa Ulaya haihusiki na bili itawaumiza. Pemba wapigieni kwa intaneti mkiwa Mariehamn.