Naomba ushauri: kutenganisha seli nyeupe na nyekundu za damu kwa mawimbi ya sauti

Mwanabaiolojia

Ndugu wanajamvi, habari za leo. Ninasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahitaji seli nyeupe za damu zilizo hai, ambazo hazijabandikwa kingamwili wala chembe za sumaku. Msimamizi wangu ameridhia nijaribu mawimbi ya sauti: damu iliyozimuliwa ipite katika mfereji mwembamba, kauri ya piezo (inayotetemeka ikipewa umeme) iliyogundishwa chini yake itetemeke, na seli zisukumwe kwa kasi tofauti. Maabara yetu ina vifaa vya kuumba mifereji ya PDMS, ule mpira mwangavu, ilhali mifereji ya silikoni ngumu (ile ya chipu za kompyuta, si mpira) tungelazimika kuiagiza nje kwa bei inayozidi bajeti yangu. Je, PDMS itafaa? Na je, ni kweli kwamba seli nyeupe, kwa kuwa ni kubwa, ndizo zitakazotangulia kufika katikati ya mfereji?

Fundi Mitetemo

Kwa mpangilio huo, PDMS haitafaa. Ili wimbi lisimame kati ya kuta mbili, ni lazima kuta hizo zirudishe sauti ndani ya maji; mpira huo hupitisha sauti karibu sawa na maji yenyewe, kisha huimeza na kuigeuza joto. Ndiyo maana kundi la Thomas Laurell katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, limejenga kazi zake nyingi juu ya silikoni na kioo. Mfereji wao uliozoeleka una upana wa mikromita 375, kwa sababu sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, na kwa megahezi 2 nusu ya urefu wa wimbi huwa ni upana huohuo.

Ukitaka kutumia PDMS, kuna njia ya mawimbi yanayotembea juu ya uso wa fuwele ya lithiamu niobeti, ambayo Tony Jun Huang na wenzake wameiendeleza sana Marekani. Huko mpira ni kifuniko tu, lakini utahitaji kuchora elektrodi nyembamba mno juu ya fuwele, jambo ambalo huenda likakugharimu kuliko silikoni. Mimi ningenunua mirija ya kioo yenye umbo la mstatili, ambayo huuzwa ikiwa tayari, nikagundisha kauri ubavuni.

Mama Maabara

Naongezea kuhusu swali la pili, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kasi ya seli katika wimbi hukua kwa mraba wa kipenyo chake, lakini hutegemea pia densiti (uzito kwa ujazo) ya seli na urahisi wake wa kubanwa. Seli nyekundu ni ndogo, ila ni nzito kuliko nyingi za nyeupe kwa ujazo uleule, kwa hiyo katika maji ya kawaida ya chumvi makundi hayo mawili huweza kukimbia karibu sawa. Mwaka 2007 watafiti wa Lund walilishughulikia tatizo hilo kwa kuongeza densiti ya kimiminika kwa seziamu kloraidi. Kwa kuwa unataka seli hai, ningeanza kwa kuvunja seli nyekundu kwa ammoniamu kloraidi, kisha sauti ibaki na kazi ya kupanga seli nyeupe na kuziondoa katika mabaki.

Mwanabaiolojia

Nawashukuru sana. Mirija ya kioo naona inawezekana. Je, mtetemo wenyewe hautaua seli?

Fundi Mitetemo

Mtetemo kwa nguvu za kawaida hauna madhara makubwa. Kinachohofiwa zaidi ni joto la kauri. Likipanda, seli huumia, na kasi ya sauti majini nayo hubadilika, hivyo masafa ya mtetemo (idadi ya mitetemo kwa sekunde) uliyoyapata asubuhi hayatakuwa sahihi mchana. Weka kipimajoto karibu na mfereji pamoja na kipoozeo chini ya kauri, halafu tafuta masafa sahihi kwa shanga za polistirini za mikromita 5 kabla ya kugusa damu.

Mama Maabara

Na utakapofika kwenye damu, izimue vya kutosha. Seli zikisongamana, hugongana na kuburutana, na hapo hata mfereji mzuri hautazitenganisha.